Sisi tunaokwenda teste bila kuitwa

Wiki hii zamu ni yetu, wachezaji. Tumeandika tukiwa watano, simu moja, chaji asilimia 30, kwa hiyo mtuvumilie kama Kirundi na Kifaransa vimejipenyeza. Ndivyo tunavyoongea huku.

Tunataka kuwaeleza teste ilivyo, kwa sababu kila mara tukisema "kesho tunaenda teste" watu wanatuambia "Mungu awabariki" kama vile tunaenda kucheza bahati nasibu. Kuna bahati ndani yake, ndiyo. Lakini kuna mambo mengine ambayo yanaweza kuhesabiwa.

Kila mwaka kabla ligi haijaanza, klabu za Bujumbura zinafungua mazoezi ili kocha ajaze nafasi zilizobaki. Zilizobaki, siyo zote. Hapo ndipo kijana mgeni anapojidanganya. Siku unapofika tereni na begi yako, wachezaji wengi wa msimu uliopita wanaendelea, wapya kadhaa wameshaongea na viongozi, wengine wamepanda kutoka timu ya vijana ya klabu ileile. Ukitoa hao wote, zinabaki nafasi mbili au tatu. Na pale kwenye nyasi tumesimama vijana 70, wenyeji na wakimbizi pamoja, kila mtu amefunga kamba za viatu mara nne.

Tuko wa aina mbili. Kuna walioitwa na kuna waliojileta. Aliyeitwa ana mtu: kocha aliyemwona kwenye mashindano ya kartie, kaka yake aliye ndani ya timu, mzee fulani anayechangia pesa za klabu. Anasalimiwa kwa jina. Sisi waliojileta tunaandikwa kwenye karatasi ya daftari, jina na namba, na mara nyingi jina linaandikwa vibaya.

Marekani watu wa namna yetu wana jina lao rasmi. Kwenye futiboli yao ile ya helmeti na kubeba mpira mkononi, klabu 32 zinakaa kila mwaka na kuchagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi 7. Asiyetajwa mpaka mwisho anaweza bado kualikwa kambini, lakini kambi inaanza na watu 90 na orodha ya mwisho ni 53. Kurt Warner hakutajwa mwaka 1994. Klabu moja ilimjaribu ikamwacha, akaenda kupanga bidhaa usiku kwenye supamaketi, na Januari 2000 akabeba kombe la Super Bowl akiwa na Rams. Mmoja wetu alituletea hadithi hiyo, tukafurahi sana. Halafu kipa wetu akauliza: "Huyo Warner, alikuwa na kitambulisho?" Tulicheka mpaka jirani akatoka nje.

Basi, siku ya teste. Tunatoka Bwiza saa 11 alfajiri kwa miguu, maana pesa ya basi ni pesa ya maji na mkate baadaye. Kocha anauliza nafasi. Ukisema winga, mko ishirini. Ukisema mshambuliaji, ishirini wengine. Ukisema beki wa kushoto mnaweza kuwa watatu tu. Kwa hiyo jambo la kwanza tunalowaambia wadogo zetu ni hili: usiende teste na nafasi unayoipenda, nenda na nafasi ambayo klabu imepungukiwa. Uliza mapema beki yupi ameondoka. Mmoja wetu amekuwa namba 10 tangu utotoni huko Uvira, lakini tereni za Bujumbura zinamjua kama beki wa kulia.

Mechi yenyewe ni dakika 20, zikizidi 25. Mpira unakugusa mara sita au saba. Walioitwa wanapasiana wao kwa wao, na hatuwalaumu, wanajuana. Kelele zote ni Kirundi. "Zana! Zana!" Sisi kwa Kiswahili zana ni vyombo vya kazi; wao wanasema lete. Mgeni asiyejua anaweza kusimama sekunde moja akijiuliza, na hiyo sekunde ndiyo kocha alikuwa anatazama. Kwa hiyo shauri la pili: jifunze Kirundi cha uwanjani kabla ya Kirundi cha sokoni. Nyuma yangu, lete, geuka, mtu. Maneno kumi yanatosha kuanzia.

Na ongea. Kijana wa kuitwa anaweza kucheza kimya, anajulikana tayari. Wewe usiyejulikana, sauti yako ni jezi yako. Kipa wetu alichukuliwa na timu ya daraja la chini hapa mjini, na kocha alimwambia wazi: "Sikuona vizuri mikono yako, nilikusikia."

Sasa tuseme umepita. Wengi wanafikiri hapo mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza, na hapa tunaomba ndugu wa mashirika msogeze kiti.

Mwenzetu mmoja ni beki wa kushoto, mguu wa kushoto kwelikweli. Bukavu ilipochukuliwa na M23 katikati ya Februari 2025, yeye na familia walikimbia kwa kupitia bonde la Rusizi kama maelfu ya watu wengine, wakavuka mto, wakafikia uwanja wa Rugombo, kule Cibitoke. Mliouona kwenye picha mnakumbuka: uwanja wa mpira uliojaa watu, vitenge vimetandikwa, mvua, watoto. Yeye alilala siku kadhaa karibu na goli la upande mmoja. Anasema kitu kilichomuumiza, nje ya njaa, ni kuona ile mistari ya chokaa inafutika chini ya miguu ya watu. Baadaye familia ilipelekwa Musenyi, kule Rutana. Yeye alikuja Bwiza kwa mjomba wake, kutafuta kazi na timu.

Alifanya teste kwenye klabu moja ya mjini, hatuitaji jina. Hakuitwa na mtu. Alipita. Alifanya nao mazoezi wiki tatu, akapewa hata kabati ya kuweka viatu. Halafu katibu akamwita.

"Kijana, iko karatasi?"

"Iko, mzee."

"Leta nione."

Kwenye karatasi yake tarehe ya kuzaliwa ni 01/01. Nyinyi wakimbizi wenzetu mnajua jambo hilo. Ukifika bila cheti cha kuzaliwa na mstari ni mrefu, unaandikiwa tarehe 1 Januari. Ukiingia kwenye kikundi chetu, nusu yetu tunasherehekea siku moja. Kwetu ni utani, lakini kwa katibu wa klabu, 01/01 ni harufu ya udanganyifu wa umri, na klabu inaogopa kukatwa pointi. Alitaka hati nyingine ya kuthibitisha. Dosye ya kijana imefunguliwa Musenyi, siyo Bujumbura. Na kumbuka kwamba ukiwa wa kambini unatoka kwa kibali, na kibali kina siku zake.

La pili lilikuwa baya zaidi. Katibu alimuuliza kama aliwahi kuwa na lisansi Kongo, akajibu kweli: ndiyo, timu ya vijana Bukavu. Kumbe FIFA inadai hati ya uhamisho wa kimataifa kwa mchezaji yeyote wa kuanzia miaka 10 aliyewahi kusajiliwa nchi nyingine. Hati hiyo haiombwi na mchezaji. Shirikisho la Burundi linaiomba kwa shirikisho la Kongo, na klabu ndiyo inapaswa kuanzisha kazi. Nani wa Bukavu angetafuta daftari la timu ya vijana wakati ule? Kanuni zina mlango: shirikisho la zamani likikaa kimya, jipya linaweza kumsajili kwa muda. Lakini mlango huo unahitaji klabu inayotaka kusubiri, na klabu yenye nafasi mbili na vijana wenyeji 50 nyuma ya geti haina sababu ya kusubiri. Dirisha la usajili likafungwa. Kabati akapewa mwingine.

Kwa walio chini ya miaka 18 ni kugumu zaidi, kwa sababu FIFA imekataza kuwahamisha watoto kutoka nchi hadi nchi, na sababu yake ni nzuri, wafanyabiashara wa watoto wapo. Ila kanuni hizohizo zinamtaja mtoto aliyekimbia kuokoa maisha yake kuwa kati ya wanaoweza kuruhusiwa. Ombi linapelekwa na shirikisho. Tumekutana na makocha wazuri tu ambao hawakuwa wamesikia jambo hilo.

Sasa, tunajua mtakachotuambia. Mtatuambia Saido Berahino. Kila semina tunaambiwa Berahino. Alizaliwa hapa Bujumbura 1993, vita vikamtoa, akafika Uingereza akiwa mtoto, akalelewa na West Bromwich Albion, akafunga magoli 14 ya Ligi Kuu msimu wa 2014/15, kisha akaichezea Burundi kwenye Kombe la Afrika la 2019, la kwanza kwetu huku. Gaël Bigirimana naye, mzaliwa wa Bujumbura mwaka uleule: alitumwa dukani na mama yake, akapita mbele ya akademi ya Coventry City, akaingia kuomba ajaribiwe. Huyo ni wa kwetu kabisa, alijileta! Mwaka 2012 alikuwa Newcastle. Na Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, 1995, akaipigia Australia penalti dhidi ya Peru mwaka 2022, walipokuwa wanatafuta tiketi ya Kombe la Dunia.

Tunawapenda wote watatu. Lakini angalieni walionekana wapi. Walionekana baada ya kufika nchi ya tatu, wakiwa na shule, makaratasi na akademi ambayo unaweza kuipita ukienda kununua maziwa. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa na klabu akiwa bado anaishi kama mkimbizi Bujumbura au Kakuma. Kwa hiyo hadithi zao zinatufundisha zaidi juu ya nchi ya tatu kuliko juu ya teste.

Wazee wa Bwiza wanampenda zaidi Shabani Nonda, na sisi pia. Alizaliwa Bujumbura 1977, akaichezea Kongo. Hakuruka mara moja kwenda Ulaya. Alikwenda Yanga, Dar es Salaam, kisha Afrika Kusini, kisha Zürich, Rennes, Monaco, na mwaka 2004 akaingia kutoka benchi kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Porto. Walifungwa 3-0, haidhuru. Tunachopenda kwake ni ile safari ya hatua kwa hatua, klabu hadi klabu, na kila hatua inahitaji jina lako liwe limeandikwa mahali kabla.

Ndiyo maana tunasema haya kwa mashirika bila hasira. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, mnatuletea mipira na jezi, tunacheza mashindano, mnapiga picha. Asanteni, mipira inatumika mpaka inakuwa na upara. Mwaka ujao waalikeni makocha wa klabu za daraja la kwanza na la pili wakae kivulini watazame, halafu huyo kijana wa kujileta atakuwa kijana aliyeitwa. Na miezi miwili kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, tusaidieni tupate attestation zenye tarehe sahihi, kwa wale ambao wazazi wao bado wapo na wanaweza kuthibitisha. Mpira mmoja mpya ni ghali kuliko muhuri.

Beki wetu amefanya teste tena, klabu nyingine, ndogo zaidi. Kocha amemwambia aje Jumatatu saa 12 asubuhi, na dirisha la katikati ya msimu liko karibu. Lakini mama yake amepiga simu mara mbili kutoka Musenyi. Kuna uhakiki, na asiyekuwepo anaweza kutolewa kwenye orodha ya chakula. Hapa mjini hakuna mgao, anakula kwa mjomba, na mjomba ana watoto sita. Akienda Rutana, kurudi kunategemea kibali.

Tumejadili mpaka saa 5 usiku. Watatu tunasema abaki, kipa anasema aende, chakula cha wadogo zake siyo mchezo. Yeye mwenyewe ndiye wa tano kwenye simu hii, na hajasema. Anashona kiatu cha kushoto.

Kama unafanya kazi upande wa dosye na umesoma mpaka hapa, tuandikie ujumbe kabla ya Jumatatu.