Nilimlaumu Kijana, Kumbe Ni Waya



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, leo nawasimulia kosa langu mwenyewe, huenda likawa funzo.

Hapa Kanoni, ofisi yetu ina kompyuta tatu za walimu na moja inayotunza mafaili yote, yaani seva. Tulipokuwa tukiingiza alama za mtihani, kompyuta yangu iliyoko chumba cha pili ikawa inapoteza muunganisho na seva. Naandika alama za darasa zima, nikihifadhi naambiwa seva haionekani. Kazi yote imepotea!

Nikaona kwamba tatizo huzidi saa ya mapumziko, wakati ambao kijana mmoja huingia kufagia. Bila kuchunguza, nikamwambia mbele ya wenzake kuwa anachezea nyaya. Akajibu, "Ustaadh, mimi sikugusa kitu." Sikumsikiliza. Nikamkataza kuingia ofisini.

Kesho yake muunganisho ukakatika tena, na kijana hayupo.

Hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya mwanzo. Kwanza, niliuliza kama kompyuta zote zinakatika. Hapana, ni yangu tu. Basi seva haina kosa. Pili, niliamuru kompyuta yangu iiulize seva mfululizo kwa amri ya ping, nione majibu yanakoma lini. Tatu, niliitazama taa ndogo ya waya wangu kwenye swichi. Mwalimu mwenzangu alipofunga mlango, taa ikazimika na majibu yakakoma. Alipofungua, yakarudi. Kumbe waya ulipita chini ya mlango, na kila ukifungwa unabanwa! Na saa ya mapumziko ndipo watu huingia na kutoka kwa wingi.

Nikaweka waya mpya, nikaupitisha juu ukutani. Hata hivyo, mara moja moja alama nyekundu ilionekana kwenye folda ya seva. Nikajifunza kuwa hiyo si hitilafu. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Windows kwenye seva hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kutumika, na ukifungua faili hurudi wenyewe. Dalili zilifanana, sababu zilikuwa mbili.

Waya niliutengeneza kwa nusu saa. Heshima ya kijana haikutengenezeka upesi hivyo. Nilimlaumu mbele ya darasa, kwa hiyo nilisimama mbele ya darasa hilo hilo nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, Ustaadh," huku akitazama chini. Sasa amerudi ofisini, nami namfundisha kusoma taa za swichi.

Wanangu, Suratul Hujurat inatufundisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu. Mimi nilikuwa nikiwasomesheni aya hiyo, kisha nikaisahau kwa sababu ya waya. Chombo kikikataa, tafuteni sababu kwanza, msitafute mtu.

Wabillahi tawfiq.