Tusimdhanie Vibaya Mgonjwa Ambaye Dawa Haijamfaa

Katika familia yetu hapa Irente, juu ya mji wa Lushoto, kaka yetu mkubwa na dada yetu anayemfuata waliandikiwa statini ileile, kwa kipimo kilekile, ili kupunguza lehemu katika damu. Walipopimwa tena baada ya miezi mitatu, lehemu ya dada ilikuwa imeshuka vizuri. Ya kaka ilipungua kidogo tu. Baadhi ya jamaa wakaanza kunong'ona kwamba dawa hamezi na nyama ya mafuta hajaiacha. Kaka akavunjika moyo, akataka kuacha dawa kabisa.

Tulimsihi arudi kwanza kwa daktari, kwani jambo hili lina sababu nyingi. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, wala haitoki sahanini. Statini huzuia kazi hiyo, na ini likalazimika kuchota lehemu zaidi kutoka katika damu. Lakini miili haifanani. Wapo waliorithi lehemu nyingi mno kutoka kwa wazazi. Wapo ambao maini yao huipokea dawa kwa uzito, ikabaki damuni na pengine kuumiza misuli. Tezi ya shingoni ikilegea, lehemu hupanda. Dawa nyingine, hata maji ya balungi, huweza kubadili nguvu ya baadhi ya statini. Tena, kuongeza kipimo maradufu kwa kawaida hushusha lehemu mbaya kwa takriban asilimia 6 tu zaidi.

Hata chakula si ushahidi wa kutosha. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya Wamasai wa Tanganyika: watu wa maziwa na nyama, lakini lehemu yao ilikuwa ndogo.

Ni kweli kwamba wapo wanaosahau dawa. Hao nao watasema ukweli pale tu wanapoulizwa kwa upole. Mwenye kufunga Ramadhani amuulize daktari wake saa inayomfaa, kwani statini nyingi humezwa mara moja kwa siku, na usiku unatosha.

Kaka yetu amebadilishiwa dawa na kupangiwa kupimwa tena. Ndugu wasomaji, mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani aandamane naye hospitali, wala asimhukumu kwa dhana.