Guni Lililoimbika

Mwaka 1997 nilikuwa nikifundisha Kiswahili Kidato cha Tatu katika shule moja ya wilaya ya Nachingwea. Niliagiza darasa litunge shairi la arudhi la beti tatu. Mwanafunzi mmoja alileta karatasi yenye mistari mirefu na mifupi iliyopishana. Nilipomwuliza bahari hiyo ameitoa wapi, alijibu, "Kwenye wimbo wa filamu ya Kihindi, mwalimu." Darasa likacheka. Badala ya kulinyamazisha, nami nikacheka nalo. Kisha nikashika kalamu nyekundu, nikaandika sifuri, na chini yake neno moja: "Guni."

Wanaoijua lugha yetu ya malenga wanafahamu uzito wa neno hilo. Kijana yule hakunionyesha tena shairi lolote.

Nimestaafu sasa, na kustaafu kuna saa nyingi. Mjukuu wangu alizoea kunijia jioni na flashi iliyojaa filamu zilizoingizwa sauti ya Kiswahili, sanaa ambayo Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake Dar es Salaam. Mwanzoni nilikaa ili mtoto asikae peke yake. Lakini katika nyingi ya filamu zile, msimulizi aliyewasemea wote, shujaa na jambazi, bibi na binti, alinyamaza wimbo ulipoanza. Hapo ndipo nilipobaki na sauti tupu, katika lugha nisiyoijua hata neno, nami nikajikuta nikihesabu mizani kwa vidole.

Nilikuwa nikiziita zote filamu za Kihindi, kama tunavyoziita sote. Mjukuu alinisahihisha: hizi ni za kusini. Nilipochunguza, nilimkuta na haki. Kitamili, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada ni lugha za ukoo wa Kidravidi, na hazina nasaba na Kihindi chenyewe, ambacho ni ndugu wa mbali wa Kiajemi na hata wa Kiingereza. Kuzichanganya ni sawa na mgeni kufika kwetu akadhani Kimwera na Kiarabu ni lugha moja kwa kuwa amezisikia zote katika soko moja.

Tangu hapo nimekuwa mshabiki, na sioni haya kusema hivyo katika umri huu. Nimemsikiliza Ilaiyaraaja, aliyeanza kutungia filamu muziki kwa Annakili mwaka 1976. Nimemsikiliza A. R. Rahman tangu Roja ya mwaka 1992. Nimelisikiliza koo la S. P. Balasubrahmanyam, aliyefariki mwaka 2020 akiwa ameimba katika lugha nyingi kuliko nilizowahi kuzisikia zikisemwa. Nimecheka pia: katika filamu ya Enthiran ya mwaka 2010 kuna wimbo uitwao "Kilimanjaro", nao ulipigwa picha katika magofu ya Machu Picchu, nchini Peru. Mlima wetu ulitakiwa kwa jina lake tu. Naamini ulipendwa kwa silabi zake: tano, zote zimeishia na irabu, na mkazo umekaa mahali ambapo mwimbaji anaweza kuegemea.

Lililonishughulisha zaidi ni namna nyimbo hizo zinavyotungwa. Mara nyingi mwongozaji hueleza tukio, mtunzi wa muziki akatoa mahadhi, ndipo mshairi akaitwa kuyajaza maneno. Nilizoea kudhani kwamba shairi hutangulia na sauti hulifuata. Huko sauti ndiyo chombo, na mshairi hupima maneno yake yasimwagike. Wakubwa kama Kannadasan na Vairamuthu wamefanya kazi katika kipimo hicho, na mbele ya watu wao hakuna aliyewavua ushairi kwa sababu hiyo. Tena wana kina cha kale kisichokaa mahali petu. Sisi twaweka vina kati na mwisho. Watamili huvipatanisha pia mwanzoni, herufi ya pili ya mstari ikilingana na herufi ya pili ya mstari unaofuata. Mwenye kukijua kikwamba chetu hatashangaa kwamba mwanzo wa mstari nao unaweza kubeba mapambo.

Wala sikuhitaji kwenda mbali hivyo. Mombasa, Juma Bhalo aliimba taarabu kwa mahadhi ya filamu za Kihindi kwa miaka mingi, na baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, ambaye hakuna mwalimu angethubutu kumwandikia "guni". Nilikuwa nikiyajua hayo mwaka 1997. Nilikuwa pia na kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha Sheikh Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954, ambacho kinashikilia kwamba shairi ni jambo la kuimbwa. Nilichukua humo hesabu ya mizani, nikaiacha sauti.

Mwaka jana nilikwenda Ruangwa kwenye msiba wa jamaa, simu yangu ikazima. Nikaelekezwa kwa fundi karibu na soko. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na spika ndogo juu ya meza yake iliimba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Huo si wimbo wa Roja?"

Aliniangalia kwa muda kabla ya kujibu. Nami nikamtambua wakati huohuo.

Hakunilaumu. Alifungua simu, akawa anaisafisha kwa brashi, kisha akaanza kuimba taratibu bila kuinua macho, kwa mahadhi ya filamu aliyoiona utotoni katika kibanda cha video na ambayo jina lake amelisahau:

Mvua kwetu Nachingwea
imenikuta,
gunia lanilemea,
nalikokota.

Nilihesabu vidole chini ya meza. Nane, tano, nane, tano. Vina vimetimia. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa mkulima, korosho zinazoloa kabla ya kufika ghalani, na mwendo wa kuburura uliosikika katika mistari yenyewe mifupi, ile niliyoikata kwa wino.

"Nilikosea," nikamwambia. "Halikuwa guni."

"Yamepita, mwalimu."

Nikamwomba aendelee. Akatikisa kichwa. Beti mbili zilizobaki hazikumbuki. Alikuwa ameziandika katika karatasi ile tu. Karatasi ile nilibaki nayo mimi. Mwisho wa muhula niliichoma pamoja na nyingine, kama tulivyofanya kila muhula.

Nilipotaka kumlipa, alikataa. Nikamwomba kitu kimoja: ruhusa ya kuuweka ubeti huu hapa, mbele ya malenga. Amekubali, kwa sharti kwamba jina lake libaki kwake. Basi, wenzangu, ubeti ndio huo. Uimbeni kwanza, ndipo mhesabu.