Fundi wa Miguu ya Gari: Tawasifu ya Kazi ya Shokapu Mjini Arusha

Mfumo unaounganisha magurudumu na chesisi, ambao mafundi wa Tanzania huuita miguu ya gari, hulaumiwa sana na kuchunguzwa kidogo, kwa kuwa mwenye gari huusikia mtikiso kiunoni mwake na papo hapo hujiona anajua chanzo chake. Tawasifu hii inahusu maisha ya kazi ya mwandishi, fundi aliyejikita katika mfumo huo, hasa katika shokapu za pikapu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa saidia fundi katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hadi alipofungua gereji yake katika eneo la Unga Limited mjini Arusha. Na kwa kuwa maisha hayo hayakuwa na makubwa nje ya kazi, kinachoelezwa hapa ni jinsi ujuzi wake ulivyojengeka, pamoja na hoja moja aliyoishikilia mpaka mwisho, kwamba shokapu haiwezi kuchaguliwa kabla ya kujulikana gari hubeba nini linapokwenda na hubeba nini linaporudi.

Shokapu ni mrija wenye oili, na ndani yake pistoni yenye vali husukumwa kila gurudumu linapopanda au kushuka, hivyo oili hulazimika kupenya katika njia nyembamba na mwendo wa gurudumu hugeuzwa kuwa joto. Uzito wa gari haubebwi nayo, bali hubebwa na springi, na springi iliyobonyezwa hurudi, ikapita mahali pake, ikarudi tena, na ingeendelea hivyo kwa muda kama pasingekuwa na kitu cha kuituliza. Kazi ya shokapu ni kutuliza huko, na ndiyo maana katika shokapu nyingi ukinzani wa kufunguka, yaani nguvu inayoizuia springi isirudi kwa kishindo, huwekwa mkubwa kuliko ukinzani wa kufunga, ambao ukizidi hulipeleka pigo la shimo moja kwa moja kwenye kiti cha dereva.

Mambo haya mwandishi aliyaona kwa macho kabla ya kuyasoma popote. Katika miaka ile spea mpya zilikuwa adimu na ghali, na gereji nyingi zilikuwa na desturi ya kufufua shokapu, yaani kuutoboa mrija, kuimwaga oili chafu, kumimina nyingine, kisha kuliziba tundu kwa kulichomelea. Saidia fundi ndiye aliyepewa kazi ya kutoboa na kumwaga, naye alipata nafasi ya kuzipasua zile zisizofufuka na kuona mrija wa ndani, mrija wa nje, pistoni, na vali ya chini ambayo hakuna aliyemtajia. Aliona pia kwa nini ufufuaji ule haukudumu: oili iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa ya injini, ambayo mnato wake, yaani ukinzani wa kimiminika kinapotiririka, haukulingana na ule ambao vali zilikusudiwa, nao ulibadilika mno kwa joto, hata gari likawa gumu asubuhi na kulegea mchana. Sili iliyoruhusu oili ya kwanza kuvuja ilibaki palepale, ikaruhusu na ya pili. Desturi hiyo ilififia magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kuingia kwa wingi pamoja na spea zake, na haikufaa kabisa zilipoenea shokapu zenye gesi iliyoshinikizwa, kwa kuwa kuutoboa mrija wa namna hiyo ni kuhatarisha macho na uhai.

Kuhamia Arusha kulimkutanisha na pikapu za aina mbili ambazo kwa nje zilifanana. Za kwanza zilikuwa za kampuni za utalii, nyingi zikiwa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambao ulianza kutengenezwa mwaka 1984. Hizi zilipanda kuelekea Serengeti zikiwa zimesheheni mahema, mapipa ya mafuta, maji na vyakula, na kurudi zikiwa karibu tupu. Za pili, nyingi zikiwa Toyota Hilux, zilikuwa za wafanyabiashara wa vitunguu, ambazo ziliteremka tupu kutoka Karatu kwenda Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na kurudi zikiwa zimejaa magunia kupita kingo za bodi. Madereva wa pande zote mbili walileta lalamiko lilelile, kwamba gari linarusha, na matajiri wao, kama wamiliki wa magari wanavyoitwa na madereva, walitaka jibu lilelile, yaani shokapu mpya zilizo ngumu zaidi, kana kwamba ugumu na ubora ni kitu kimoja.

Hapa ndipo penye utata ambao tangazo la muuza spea haliufafanui. Nyuma ya pikapu hizo mna springi za bapa, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U, na springi hizo zimepimwa kwa ajili ya mzigo, kwa hiyo bodi likiwa tupu hazibonyei vya kutosha na kila jiwe husikika. Ugumu wa namna hii hautokani na shokapu, na shokapu ngumu huuzidisha. Kwa sababu hiyo mwandishi alijiwekea utaratibu wa kuchunguza kwanza vitu visivyouzwa kwa bei kubwa: upepo wa tairi, ambao madereva wengi huuacha katika kiwango cha mzigo hata wanaporudi bila mzigo ilhali vipimo mara nyingi vimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango; bushi za springi, ambazo zikikauka huzuia springi isicheze; na msuguano kati ya vipande vyenyewe, ambao kutu na vumbi la Ngorongoro huuongeza hadi vipande vinashikana na kufanya kazi kama chuma kimoja. Wateja kadhaa waliokuja kununua shokapu waliondoka na springi zilizosafishwa tu. Tabia hiyo haikuisaidia gereji kutajirika, lakini iliifanya ijulikane.

Kinyume chake, palipoongezwa kipande cha springi ili gari libebe zaidi, jambo lililozoeleka mno kwa wachukuzi wa vitunguu, shokapu za awali zilibaki dhaifu, kwani springi iliyotiwa nguvu hurudi kwa nguvu na vali zilizopimwa kwa springi ya kiwandani haziwezi kuizuia. Magari hayo ndiyo yaliyostahili shokapu zenye ukinzani mkubwa zaidi wa kufunguka, wala haikuwa lazima ukinzani wa kufunga uongezwe kwa kiasi hicho hicho. Pia kipande kilichoongezwa aghalabu huinua gari, na gari likiinuka shokapu ya urefu wa awali hufunguka hadi mwisho wake kabla ya gurudumu kumaliza kushuka, ikavutwa na kukatika kwenye ncha. Kwa hiyo vipimo viwili vilihitajika kabla ya kuagiza chochote, yaani urefu wa shokapu ikiwa imefunguka na urefu wake ikiwa imefunga, vikilinganishwa na nafasi halisi iliyopo kati ya ekseli na chesisi, na raba ya kugongea ikiwa ndiyo mpaka wa kufunga ili shokapu isigonge yenyewe.

Barabara ya Serengeti ilidai elimu nyingine. Lami huishia kwenye lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na kutoka hapo kupitia lango la Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, gari hupita juu ya changarawe yenye mikunjo, yaani mawimbi madogo yaliyokingama njia nzima. Ikiwa umbali wa wimbi hadi wimbi ni sentimita 70 na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, kila gurudumu hupigwa takriban mara 20 kwa sekunde, kwa saa kadhaa bila kupumzika. Madereva hupenda kuongeza mwendo ili gari lipae juu ya mikunjo, na kweli kiti hutulia, lakini magurudumu huwa yanaelea na breki na usukani hupoteza sehemu ya nguvu zake. Wakati huohuo oili ndani ya shokapu hupata joto kali kwa msuguano, huchanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halina ukinzani wa maana, ndipo shokapu iliyokuwa nzima asubuhi huonekana imekufa kabla ya jioni na kufufuka ikishapoa.

Dawa ya povu ni gesi ya nitrojeni, nayo huwekwa kwa njia mbili. Katika shokapu ya mirija miwili, gesi ya shinikizo dogo hukaa juu ya oili katika mrija wa nje. Katika shokapu ya mrija mmoja, ambayo msingi wake uliwekwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na ambayo kampuni ya Bilstein ya Ujerumani iliieneza tangu miaka ya 1950, gesi hutengwa na oili kwa pistoni inayoelea, na shinikizo lake hupita bar 20, yaani mara kadhaa ya upepo wa tairi. Aina hii ya pili hupoza oili vizuri zaidi, kwa kuwa mrija wenye oili unaguswa na upepo moja kwa moja. Hata hivyo mrija huohuo ndio njia ya pistoni, na jiwe likiubonyeza pistoni hukwama, ilhali katika aina ya mirija miwili jiwe huubonyeza mrija wa nje na kazi ikaendelea. Katika barabara yenye mawe yanayorushwa na tairi, mwandishi aliipendelea mirija miwili yenye gesi na pistoni pana, na aina ya mrija mmoja aliipendekeza pale tu palipokuwa na kinga ya chuma au mahali pa kuifunga palipojificha. Mafundi wenzake walibishana naye katika hili, na baadhi yao bado wanabishana.

Ununuzi wenyewe ulikuwa na hila zake. Sokoni shokapu hujaribiwa kwa kusukumwa na kuvutwa kwa mkono, na ile iliyo nzito husifiwa, lakini ukinzani wa shokapu hutegemea kasi ya pistoni, na mkono wa binadamu ni mzito mno kuiga kasi ya gurudumu linalopita juu ya mikunjo. Kipimo cha mkono kilimfaa kwa jambo moja tu, yaani kugundua pengo, ile sehemu ya mwendo ambayo rodi ya pistoni hupita bila ukinzani wowote. Pengo likibaki baada ya shokapu ya mirija miwili kusimamishwa wima na kupigwa pampu mara chache ili hewa itoke, shokapu hiyo hairudi kwenye gari. Mengine aliyaangalia kwa macho: unene wa rodi na ulaini wa kromu yake, uchomeleaji wa pete za ncha, na ulinganifu wa namba iliyochapwa kwenye mrija na ile ya boksi, kwa sababu shokapu bandia mara nyingi hujifichua hapo.

Katika ufungaji, shokapu za mbele zilitaka tahadhari zaidi. Kwenye Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2004 springi ya koili huvishwa juu ya shokapu, na haifunguliwi mpaka ibanwe kwa kifaa chake, kwani ikiachiwa huruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Kwenye Land Cruiser ya mzigo iliyotoka mwaka 1999, springi ya koili na shokapu hukaa mbalimbali na kazi ni nyepesi. Shokapu zilibadilishwa kwa jozi katika kila ekseli, ili upande mmoja usitulie kabla ya mwingine. Nati za bushi hazikukazwa kabisa gari likiwa juu ya jeki, kwa kuwa bushi iliyokazwa magurudumu yakining'inia hubaki imepindika gari linaposhushwa, hukinza mwendo na kuchanika mapema. Gari lilishushwa kwanza, likatikiswa, ndipo nati zikakazwa, na dereva akaagizwa arudi baada ya safari ya kwanza yenye mzigo ili zikaguliwe upya.