Nilinunua Simu, Nikasahau SHA

Nianze na aibu yangu, ili wewe usije ukaipata yako.

Februari 2025, yadi ya makontena niliyokuwa nafanya ukarani huku Changamwe ilipunguza watu. Tulikuwa tisa. Asubuhi tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukapewa barua, tukarudisha majaketi ya kung'aa. Saa saba mchana tuko Magongo tunangoja matatu, kimya, kila mtu anaangalia simu yake kama anayo shughuli.

Sisemi tulionewa. Mwezi wa notisi tulilipwa. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukipunguzwa kazi, ulipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, na mshahara wangu ulikuwa 24,000. Kwa hivyo nilitoka na kitu mkononi. Unajua nilikifanyia nini? Nililipa kodi ya nyumba miezi miwili, na simu nikanunua, 22,000, yenye kamera nzuri. Nikajiambia, basi, sasa mimi ni mtu wa video, sina bosi. Wallahi nilifurahi.

Kitu kimoja sikukifikiria hata dakika moja: SHA.

Nikwambie kwa nini. Nilipokuwa kazini, kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha SHA imekata asilimia 2.75. Kwangu mimi ilikuwa 660. Nilikuwa naiangalia hiyo 660 kama pesa iliyoibiwa. Sikuwahi kuiona kama kitu nilicho nacho, niliiona tu kama kitu ninachonyang'anywa. Kwa hivyo ilipoacha kukatwa, sikuhisi nimepoteza chochote. Nilihisi nafuu! Hapo ndipo tunapodanganyika wengi. Bima ya kazini inakuja kimya na inaondoka kimya. Hakuna anayekupigia simu kukwambia mwezi huu hujalipiwa.

Mei ikaingia na mvua zake. Binti yangu ana miaka mitatu, na ana pumu. Usiku mmoja kifua kikambana, anavuta pumzi mpaka mbavu zinaingia ndani. Inhela ikashindwa. Tukachukua tuktuk kutoka Mikindani saa nane usiku mpaka hospitali, akawekewa mashine ya mvuke, daktari akasema hatoki huyu, alazwe. Mimi sina wasiwasi. Nikatoa kitambulisho kwa madaha kabisa.

Dada wa mapokezi akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Mama mtoto, umejiandikisha, lakini hujalipiwa."

"Hapana, mimi nakatwa kila mwezi."

"Ulikuwa unakatwa."

Lile "ulikuwa" sijalisahau mpaka leo.

Tulikaa siku tatu. Bili ikafika 11,800. Niliilipa kwa Fuliza, kwa mkopo wa shoga yangu, na kwa pesa za mamangu za unga na mafuta ya mahamri. Mama anauza mahamri na mbaazi Chaani tangu sijazaliwa. Alinipa zile pesa bila kuuliza. Njiani kurudi ndio akasema, "Mwanangu, hiyo simu inapiga picha nzuri. Sasa ipige picha hii bili."

Sikuwa na jibu.

Baadaye ndio nikakaa kufuatilia mambo yalivyo. Sikiliza vizuri, maana kazini hakuna aliyetueleza.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF. Ukiwa umeajiriwa, mwajiri anakukata na kupeleka pesa kila mwezi. Kazi ikiisha, wewe si mwajiriwa tena, unahamia upande wa wanaojilipia. Na huhamishwi, unajihamisha. Unaingia Afya Yangu au unapiga *147#, unajibu maswali: nyumba yako ina paa gani, choo cha namna gani, unapikia nini, mko wangapi. Wanakadiria uwezo wako kwa majibu hayo. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Mimi iliniangukia 450.

Ukisikia 450 unaona, ah, mbona hata 660 niliyokuwa nakatwa ni kubwa? Ngoja. Huku hulipi kwa mwezi. Unalipa mwaka mzima kwa mpigo. Kwangu ni 5,400. Hata yule wa 300 anadaiwa 3,600 mara moja.

Hapa ndio nina neno, na nitalisema. Enzi za NHIF, aliyejilipia alitoa 500 kila mwezi. Ilikuwa na kero zake, sikatai, lakini mtu angeweza kuvuta mwezi mmoja mmoja akitafuta kibarua kingine. Sasa mtu aliyepoteza kazi juzi, ndio kwanza anaambiwa atoe mwaka mzima. Anayeendesha boda Likoni, anayeuza viazi karai Kisauni, anayeshika kibarua cha siku Miritini, pesa zao zinakuja kwa siku. Nani ana mwaka mzima mfukoni? Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ambapo mwaka wako unalipiwa kwa mkopo halafu unarudisha kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko kukosa. Lakini aliyeachishwa kazi hakuhitaji mkopo mwingine, alihitaji miezi mitatu ya kushikiliwa asianguke. Mimi ningekuwa mbunge ningeandika hilo: ukipunguzwa kazi, bima yako isimame na wewe siku 90.

Na sisi wa Changamwe tunajua kazi zinavyokatika. 2019 lilipotoka agizo la makontena ya bara kupanda SGR, watu wa yadi na malori waliandamana mjini. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Katikati hapo ni miaka mitatu, na kuna nyumba zilizoishi hiyo miaka. Kazi huku inaweza kukatwa na karatasi iliyotiwa sahihi Nairobi.

Lakini nisimtupie kila mtu lawama nikajisahau. Mimi nilikuwa na ile 5,400. Nilikuwa nayo mara nne kwenye simu moja.

Kwa hivyo ukipewa barua, fanya hivi kabla ya kununua chochote. Uliza wamekukata SHA ya mwezi gani wa mwisho, kisha hakikisha imefika. Mwajiri anatakiwa awe ameipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Badilisha hali yako kwenye akaunti wiki hiyo hiyo. Halafu toa mwaka wa bima kwenye zile pesa za kuachishwa, kabla ya jamaa, kabla ya deni, kabla ya simu. Kama huna kitu kabisa, bado jiandikishe. Ukiwa umejiandikisha tu, zahanati na vituo vya afya vya serikali vya daraja la 2 na la 3 vinakutibu bila kulipia SHA. Kulazwa ndiko kunakotaka uwe umelipa. Na kama bado hujafika miaka 25, huna kipato na unakaa na wazazi, unaweza kuwa chini ya bima yao. Waulize wameilipa.

Mimi sasa nimelipa. Kilichoniokoa ni chama cha Mama. Zamu yake ilipofika alinikabidhi pesa, akasema nimrudishie kwa siku. Nilipiga hesabu: 5,400 kwa siku 365 ni kama shilingi 15. Hamri moja na nusu. Kila jioni namtumia 15 zake kwa M-Pesa, na kila jioni ananijibu neno moja: "Imefika."

Juzi nilichelewa. Saa nne usiku akanipigia: "Mwanangu, ziko wapi shilingi zangu 15?"

Kama umepunguzwa kazi wiki hii, pole sana, najua unavyohisi. Lakini usiku huu kabla hujalala, piga *147# uangalie jina lako limesimama wapi.