Sindano Nane

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kutunga uzi. Mwaka 2004, nikiwa na miaka 15, kila Jumamosi nilivuka kwa miguu daraja la Nelson Mandela, lililokuwa na mwaka mmoja tu, nikateremka Newtown, Johannesburg, hadi ukumbi mmoja karibu na uwanja wa Mary Fitzgerald. Wazee walikutana pale kushona viraka vya mablanketi, kucheza bingo na kunyoosha viungo wakiwa vitini. Nilipanga viti, nikamimina chai, nikasoma namba za bingo. Lakini walichonitakia hasa ni macho. Matundu ya sindano yalishawatoroka.

Mmoja wao aliwahi kuishi kwa ushonaji. Alitaka sindano nane, zote zimetungwa na kufungwa fundo kabla hajaketi, uzi usizidi urefu wa kidole chake hadi kiwiko. Mrefu zaidi, alisema, ni wa mtu asiyejua kazi. Nilizichomeka safu kwenye kipande cha flana. Aliniita mzukulu. Kizulu na Kiswahili ni ndugu, sikio langu likasikia mjukuu, na siku ya kwanza ilibidi nigeuke nijifanye natafuta mkasi. Bibi yangu alikuwa amezikwa Tanga miezi michache nyuma. Nauli hatukuwa nayo, khitma tukaisomea sebuleni, watu sita.

Huyu bibi wa Jumamosi alikuwa mtu wa Sophiatown. Februari 1955 polisi na malori walipokuja kuwahamishia wakazi Meadowlands, alikaa nyuma ya lori ameikumbatia cherehani yake isianguke, nyumba ameipa mgongo. Kwa hiyo hakuiona ikibaki. Mtaa ukabomolewa, ukajengwa wa Wazungu, ukaitwa Triomf, yaani ushindi. Jina hilo sikumsikia akilitamka hata mara moja. Akitaka kuelekeza, mikono ikiwa na kazi, alinyoosha kidevu upande wa magharibi.

Siupendi ule msemo kwamba mzee ni maktaba. Maktaba haichagui la kukuambia. Yeye alichagua: bei za vitambaa alinipa zote, mpaka senti, ya nyumba alinipa lile la cherehani tu.

Jumamosi moja mwaka 2005 nilimtungia nane kama kawaida. Hakuja. Nilidhani ni mvua. Wiki iliyofuata msimamizi akatangaza, wakaimba wimbo wa kanisani nisioujua, kisha bingo ikaendelea na mimi nikasoma namba. Iliniudhi wakati ule. Sasa naona kwamba kama wangesimamisha bingo kwa kila msiba, wasingecheza kabisa.

Sindano zake hakuna aliyezitaka, nyuzi zilikuwa fupi mno kwao. Nikaenda nazo nyumbani. Mwaka 2006 Sophiatown ilirudishiwa jina lake. Nilizisoma habari hizo ndani ya teksi, kwenye gazeti la abiria wa pembeni yangu. Usiku nikaikunjua ile flana. Uzi ulikuwa umepauka kwenye mikunjo. Mafundo yalikuwepo, yote manane.