Mkono Uliomo Ndani ya Neno

Mwanachuo akitafuta maana ya neno la Kiingereza "dexterous", kamusi humjibu upesi: stadi, mwepesi wa mikono. Jibu hilo ni sahihi, lakini mwalimu wa lugha yampasa avuke hapo. Neno hili limetokana na "dexter" la Kilatini, yaani "-a upande wa kulia". Basi stadi, kwa asili ya neno, ni mtu wa mkono wa kulia. Upande wa kushoto Warumi waliuita "sinister", na Kiingereza kikaligeuza neno hilo kuwa sifa ya jambo la shari. Hata atumiaye mikono yote sawasawa huitwa "ambidextrous", ndiyo kusema ana mikono miwili ya kulia!

Nasi tusiwacheke Waingereza. Wahenga wetu waliuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto wakauita wa kike. Neno letu "ustadi", kwa bahati njema, halina mkono ndani yake. Chimbuko lake ni neno la Kiajemi lenye maana ya bingwa au mwalimu.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo nililoliona nilipokwenda kumkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Alimnyang'anya mtoto wa darasa la kwanza penseli iliyokuwa mkono wa kushoto, akamtia katika wa kulia. Mtoto aliandika herufi tatu, akaacha, akaukalia mkono wake wa kushoto kana kwamba umeiba. Baada ya kipindi mwanachuo alinieleza, "Mkufunzi, mkono huo si wa adabu." Nikamjibu kwamba adabu ya kula na ya kupokea kitu mtoto hufunzwa kwao, nami siiingilii, penseli haimo katika adabu hiyo.

Takriban watu 10 katika kila 100 hutumia mkono wa kushoto. Taabu yao hasa ni kwamba mkono hufunika maandishi na kuyachafua. Basi daftari lilazwe kushoto kidogo mwa kifua, upande wake wa juu ukiinamia kulia, na penseli ishikwe mbali kidogo na ncha ili mtoto aone aandikacho. Katika dawati la watoto watatu, huyo aketi mwisho wa kushoto, viwiko visigongane.